Karatasi Niliyojaza kwa Masikio

Mke wangu alizikwa siku ya Alhamisi, na Jumamosi ya tatu baada ya hapo nilikwenda kuamua ndondi. Watoto walisema niende. Mchungaji alisema niende. Mama anayetuuzia chai karibu na kanisa naye alisema, "Mzee, nenda ukakae na watu." Nikaenda. Sikuwa na sababu ya kwenda, wala sikuwa na nguvu ya kukataa.

Niseme kwanza mimi ni nani katika mambo haya. Baba yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli Nakuru, akalea watoto wake wote katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na katika nyumba hizo kila mvulana alivaa glovu kabla hajavaa viatu. Nilipigana mapambano sita, nikashindwa manne, nikaona afadhali nikae nje ya kamba. Nimekuwa jaji wa ndondi za ridhaa kwa zaidi ya miaka thelathini, na mzee wa kanisa kwa muda unaokaribia huo. Kazi zote mbili nilizisomea. Kanisani nilifundishwa kwamba shahidi hafuati umati. Kando ya ulingo nilifundishwa jambo hilo hilo, ila kwa maneno machache zaidi.

Aliyenifundisha uamuzi alikuwa mzee mmoja wa karakana ya reli. Alikuwa na desturi ya kuziba masikio kwa pamba kabla ya pambano la kwanza, na sisi wanafunzi wake tuliirithi. Alituambia kwamba ukumbi wa Nakuru una mdomo mkubwa kuliko kumbi za miji mingine, na kwamba jaji anayeusikia hataona kitu. Hasa kwa uzani mzito. Vijana wepesi wakipigana, watu hutazama mikono na miguu. Wakipanda wanaume wa kilo mia, watu hawatazami tena, wanangoja. Wamekuja kuona mti ukianguka. Konde likipita hewani bila kugusa mtu, ukumbi mzima huguna kana kwamba limempata, na mguno huo ukimwingia jaji sikioni huteremka mpaka kwenye kalamu yake.

Pamba yangu ilikuwa ikitengenezwa na mke wangu. Asubuhi ya kila mashindano aliviringisha vipande viwili, akavipaka mafuta kidogo visinikwaruze, akavitia katika kibweta cha kiberiti, na kiberiti akakitia katika mfuko wa koti langu. Hakupenda ndondi. Alisema ni kazi ya watu wasio na ng'ombe wa kuchunga. Lakini pamba aliitengeneza miaka yote hiyo, nami sikuwahi kujua anaiweka wapi mle nyumbani.

Jumamosi ile nilitia mkono mfukoni nikiwa nimeshaketi kwenye kiti changu. Mfuko ulikuwa mtupu. Sikushtuka. Niliutoa mkono, nikashika kalamu.

Pambano la mwisho alasiri hiyo lilikuwa la uzani mzito, na kila mtu alijua lilikuwa na maana gani. Katika safu ya mbele aliketi kocha wa timu ya kikosi kimoja, ambacho sitakitaja. Bondia akichukuliwa na timu kama hiyo huwa ameandikwa kazi: ana sare, ana nyumba, ana uzee wenye pensheni. Nafasi ya uzani mzito ilikuwa moja tu. Kona nyekundu alikuwa kijana wa hapa mjini ambaye watu wanampenda kwa sababu hajui kurudi nyuma. Kona ya bluu alikuwa mwanamume kutoka Molo, mpakiaji wa magunia ya viazi kwenye malori. Kijana wa mjini alikuwa na miaka ishirini na miwili. Huyu wa Molo alikuwa na ishirini na tisa, na kikosi hakiandiki mtu aliyefika thelathini. Kwake hakukuwa na mashindano mengine ya kungojea.

Kengele ikalia. Yule wa Molo alikuwa akipigana kama mtu anayepita kwenye nyumba ya watu waliolala. Mkono wa kushoto mbele, mguu kando, kichwa hakipo mahali kilipokuwa. Raundi ya kwanza nilimpa, kwa sababu hata ukumbi ulikuwa bado kimya. Raundi ya pili kijana wa mjini alimfikia kwa makonde mawili mazito ya mbavu, watu wakasimama juu ya viti. Kuanzia hapo hawakuketi tena. Walimwita yule wa Molo mchumba. Walimuuliza kama amekuja kupima sakafu. Mtu mmoja nyuma yangu alisema bila kuchoka, "Simama upigane, boss. Simama upigane." Raundi ya tatu kijana wa mjini alirusha mikono mfululizo, na kwa kila mkono ukumbi uliguna, na kwa kila mguno kalamu yangu iliweka alama upande mwekundu.

Tulikuwa majaji watatu. Mmoja alimpa wa Molo, mmoja akampa wa mjini, na karatasi yangu ndiyo iliyoamua. Refa aliinua mkono wa nyekundu. Yule wa Molo aliteremka, akapita kwenye meza zetu kama mabondia wanavyofundishwa, akatoa mkono wenye bandeji. "Asante, mzee," akaniambia. Nami nikamjibu, "Mungu akubariki." Nilifika nyumbani kabla ya jua kuzama, nikala nilichowekewa na binti yangu, nikashukuru kwa chakula, kwa afya na kwa siku. Nashukuru kwa mpangilio huo huo kila jioni. Maneno yalitoka yote, hakuna lililokosekana.

Jumapili baada ya ibada sisi wazee wachache huketi kwa yule mama wa chai. Ana televisheni ndogo juu ya jokofu, na mapambano makubwa ya ng'ambo, ambayo huku kwetu hufika alfajiri, hurudiwa mchana. Asubuhi hiyo wanaume wawili wakubwa walikuwa wamepigana raundi kumi na mbili, bingwa akabaki na mkanda wake kwa pointi. Fundi wa viatu, ambaye huketi kila siku nje ya lango la kanisa, alikuwa amekasirika.

"Huyu bingwa wenu anapigana kama mtu anaogopa kuchafua shati," akasema.

"Na amepigwa mara ngapi?" jirani yangu, dereva mstaafu wa gari moshi, akamuuliza.

"Hiyo si hoja. Mimi niache usingizi nimtazame akikumbatia mwenzake kama wako kwa harusi?"

"Usingizi gani umeacha? Mama watoto amesema umeamka raundi ya kumi."

"Nimeamka nikakuta bado wanakumbatiana."

"Ngumi ni kupiga bila kupigwa. Basi."

"Hiyo ni hesabu. Hesabu niliacha darasa la sita. Mtu mzito kazi yake ni kuangusha mwenzake. Kama hawezi, apunguze chakula ashuke kwa wale wadogo."

"Nyinyi wawili mnapigwa na wake zenu kila siku," mama wa chai akasema kutoka kwenye jiko, "na hakuna mtu anakuja kutazama."

Tulicheka. Nilijisikia nikicheka, kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

"Jana ndiyo ilikuwa ngumi," fundi akasema. "Si jaji mwenyewe yuko hapa? Jaji, jana uliona moto." Akatoa simu yake. Alikuwa amelirekodi pambano zima akiwa safu ya tatu. Aliniambia nivumilie, kwa sababu simu iliangukia beseni la sabuni mwezi uliopita na sasa inaonyesha bila kutoa sauti.

Tukainama juu ya kile kioo, vichwa vitatu. Wanaume wawili wadogo sana walizunguka bila sauti yoyote. Nimezoea kuhesabu, kwa hiyo nikahesabu. Raundi ya kwanza ilikuwa ya Molo, kama nilivyoandika. Ya pili ilikuwa ya kijana wa mjini, kwa yale makonde ya mbavu. Ya tatu niliihesabu mpaka mwisho, kisha nikamwomba fundi airudishe. Kijana wa mjini alirusha mikono mingi mno. Ilitua kwenye glovu, kwenye viwiko, kwenye mabega, na mingi zaidi haikutua popote. Mkono wa kushoto wa yule wa Molo ulikuwa ukifika usoni mwa mwenzake, unarudi, unafika tena.

"Sasa hii haina utamu," fundi akasema. "Bila sauti wanakaa watu wawili wanatafuta funguo."

"Huyu wa bluu ameshinda," dereva akasema.

"Ameshinda aje na alikuwa anarudi nyuma?"

"Gari moshi ikirudi nyuma bado inavuta mabehewa. Wewe hesabu ngumi."

"Mzee, mimi nilikuwa huko. Ukumbi wote ulijua nani ameshinda."

"Ukumbi si jaji," dereva akasema, na baada ya hapo wote wawili wakanitazama. "Kwani wewe hii ya tatu ulimpa nani?"

"Nyekundu," nikasema.

Dereva alichukua kikombe chake akakigeuza geuza mezani. Tumeketi pamoja kanisani tangu tukiwa vijana. Mama wa chai akaja akanijazia changu, ingawa kilikuwa bado kimejaa nusu.

Nilirudi nyumbani nikaketi kitandani na viatu vyangu miguuni. Nilijaribu kujua ni kitu gani hasa kilitokea. Si kwamba nilimpenda kijana wa mjini, wala hakuna aliyenishawishi. Ni kwamba tangu mazishi sikuwa nikihisi lolote, na pale ukumbini mamia ya watu walikuwa wakihisi kwa sauti kubwa. Nadhani niliwaachia wahisi kwa niaba yangu. Miaka yote jaji hupimwa kwa kutofuata umati, nami siku niliyokuwa mtupu umati uliingia ukakaa. Niliomba msamaha. Niliamini nimesamehewa, maana ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha wengine. Lakini kusamehewa kwangu hakukumpa mtu wa Molo sare.

Jumatatu nilimpigia simu katibu wa kamati ya mashindano. Aliniacha nikamaliza. "Mzee," akasema, "matokeo yametangazwa, na picha zimepigwa. Wewe bado uko kwa msiba. Pumzika." Nikaandika barua, nikaitia sahihi, na Jumanne asubuhi nikaenda Molo.

Kulikuwa na ukungu, na baridi ile inayoingia kwenye magoti. Mahali malori yanapopakia viazi hakukuhitaji kuulizwa, na yeye pia hakuhitaji kuulizwa, kwa maana alikuwa mrefu kuliko lori lenyewe likiwa tupu. Alikuwa na gunia begani. Aliponiona alisimama nalo hivyo hivyo.

"Jaji," akasema.

Nilimwambia pale pale, mbele ya wenzake, kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza ndipo akaliteremsha gunia.

"Ya pili?" akauliza.

"Ya pili ilikuwa yake."

"Hata mimi naona hivyo."

"Ya tatu ilikuwa yako."

"Eeh," akasema. "Ilikuwa yangu."

"Ulijua, na bado ukanipa mkono?"

"Nilifikiri uliona kitu mimi sikuona. Wewe umekaa kwa hiyo kiti kabla nizaliwe."

Mpakiaji mwenzake akasogea. "Kumbe huyu ndiye alikuuza?"

"Nyamaza wewe. Huyu ni mzee wa kanisa."

"Hao ndio wabaya," yule mwenzake akasema, akaenda kuchukua gunia lingine.

Nilimpa barua. Aliisoma polepole, midomo ikicheza, akanirudishia. Alisema barua watu huiweka chini ya kikombe ikanyonya chai. Lori lile lilikuwa likienda Nairobi, lingepita Gilgil, na kocha wa kikosi anapatikana huko kila siku saa za mchana, katika mkahawa mmoja kando ya barabara kuu. "Twende useme kwa mdomo wako," akasema. Nikakubali. Alimaliza kupakia kwanza. Hesabu ya magunia yaliyobaki ilikuwa arobaini na mengineyo, nami nilingoja nikiwa nimekaa juu ya gunia, nikimtazama akipanda ubao na kuteremka. Hakuwahi kuteleza.

Kocha alitukaribisha vizuri. Aliagiza chai ya watu watatu. Nilieleza kila kitu, kuanzia raundi ya kwanza mpaka mkono kuinuliwa, nikaiweka barua mezani. Alinisikiliza akikoroga sukari muda mrefu kuliko inavyohitaji.

"Mzee, nakuheshimu," akasema. "Lakini karatasi yako mimi sikuingoja. Kabla ya kengele ya mwisho nilikuwa nimeshachagua."

"Wewe uliona nani ameshinda?"

"Huyu." Akamwonyesha yule wa Molo kwa kijiko. "Moja na tatu. Hakuna ubishi. Lakini nikipanda naye ulingoni watu wanalala. Wakubwa wangu wakija kutazama wanakuta viti viko wazi, mwaka ujao hakuna timu. Wale wadogo naweza kuwafundisha wacheze kwa ufundi, watu watavumilia. Mzito lazima awasimamishe."

"Hata kama anapigwa?"

"Hasa akipigwa kidogo. Watu wanapenda kuogopa."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi anayeeleza kwa nini alichagua mbao hii na si ile. Kisha akamgeukia yule wa Molo. "Wewe njoo mazoezini kama unataka. Vijana wangu wanahitaji mtu asiyepigika."

"Nitaandikwa?"

"Kuandikwa, hapana."

"Ni siku gani?"

"Jumatatu na Alhamisi."

"Siku hizo malori yanakuwa mengi," yule wa Molo akasema. Alimaliza chai yake, akashukuru, tukatoka.

Tulisimama kando ya barabara kungoja lori lolote la kurudi juu. Malori ya kwenda Nairobi yalipita yakitikisa vibanda. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kosa langu halikumnyima kitu, kwamba hata ningeandika haki yeye angebaki na magunia yake. Nilitafuta ndani yangu kama kuna faraja, sikuikuta. Nilitafuta hasira, nayo haikuwepo. Nikaanza kushukuru kimoyomoyo kwa sababu ndiyo desturi yangu mahali nisipokuwa na neno, nikafika kwenye afya nikaachia hapo.

"Mzee, nikuulize," akasema. "Ulifurahia?"

"Kufurahia nini?"

"Kutazama. Siyo pointi. Kutazama tu."

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa amestahili ndiyo. "Hapana," nikamwambia. "Siku hizi sifurahii kitu. Hata chai naijua kwa moto wake tu."

Akaitikia kwa kichwa. "Pole kwa mama. Tuliambiwa kabla ya pambano."

"Lakini kwenye simu ya yule fundi," nikasema, "katika raundi ya tatu kuna mahali unapita chini ya mkono wake wa kulia na kutokea upande wa pili, naye bado anakupiga pale ulipokuwa. Nilimwambia airudishe."

"Hiyo uliiona?"

"Niliiona."

Alitazama barabara kidogo. "Hiyo nimeifanyia mazoezi chini ya kamba ya kuanika nguo ya mamangu, mwaka mzima," akasema. "Pale ukumbini nilifikiri hakuna mtu ameiona. Kocha wangu mwenyewe alikuwa anatafuta chupa ya maji."

Akaweka koti lake juu ya jiwe. Akasimama mbele yangu, mguu wa kushoto mbele, akanionyesha polepole: goti likainama kwanza, kisha kiuno, bega likafuata, na kichwa mwisho kabisa, ule mwili wote mkubwa ukateremka na kuinuka upande wa pili bila mchanga kulia chini ya kiatu. Mama aliyekuwa akichoma mahindi aliacha kupepea moto.

"Huyo anacheza nini?" akaniuliza.

"Ndondi," nikamjibu.

"Na mwenzake yuko wapi?"

Nikamwomba yule wa Molo arudie. Akarudia.